Tukienda Sokoni, Twende na Vyombo Vyetu

Katika nchi jirani ya Malawi ziko Kawale mbili. Kawale ya kwanza ni mtaa wa mji mkuu, Lilongwe, ambao katika hesabu ya mitaa ya mji huo huitwa pia Eneo la 7. Ni mtaa wa siku nyingi, wenye nyumba zilizosongamana, soko, mashine za kusaga nafaka na maduka madogo yaliyopangana kandokando ya barabara. Kawale ya pili imo ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, kwani sehemu za kambi hiyo zimepewa majina ya miji na mitaa ya Malawi. Katika Kawale ya mjini Kiswahili husikika hapa na pale, dukani na kituo cha basi. Katika Kawale ya kambini Kiswahili ni lugha ya soko, kwa sababu wakazi walio wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Kawale hizi mbili zinatufundisha jambo moja ambalo wakazi wa miji yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mwanza, yawapasa walitafakari. Jambo lenyewe ni namna ya kununua chakula cha nyumbani bila kurudi nyumbani na taka. Huenda msomaji akaliona kuwa jambo dogo, lisilostahili nafasi gazetini. Lakini taka zinazoziba mitaro ya mji mzima hazikuletwa na gari moja kubwa. Zililetwa mkononi na mtu mmoja mmoja aliyetoka dukani, kila mtu na kifuko chake.

Na tufanye hesabu ndogo kwa mfano tu. Chukua nyumba moja inayonunua kila siku mafuta ya kupikia ya siku moja, sukari ya siku moja, dagaa wa mlo mmoja na nyanya chache, kila kitu kikiwa kimetiwa katika kifuko chake. Hivyo ni vifuko 4 kwa siku, 28 kwa juma, na 1,460 kwa mwaka. Nyumba 1,000 za namna hiyo zitakuwa zimetupa vifuko 1,460,000 kabla mwaka haujaisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicholiwa. Mwenye nyumba alivilipia, maana bei ya kifuko imo ndani ya bei ya mafuta, akavibeba, kisha akavitupa mlangoni pake mwenyewe.

KIPIMO NI CHA ZAMANI

Wako watu wanaodhani kwamba kununua vitu bila vifungashio ni mtindo mpya ulioletwa na wageni. Hilo si kweli. Wazee wetu wa pwani waliuza na kununua nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi moja ya nafaka ni karibu kilo 2 na robo tatu. Mnunuzi alikwenda na kikapu au pakacha lake, muuzaji alipima mbele ya macho yake, na kilichorudi nyumbani kilikuwa chakula peke yake. Methali yetu isemayo haba na haba hujaza kibaba ilizaliwa katika biashara ya namna hiyo.

Hata vitu vya viwandani vilipoingia, watu wetu walivipa kazi ya pili. Debe, ambalo leo ni kipimo kinachojulikana katika kila soko, lilikuja kama kifungashio cha mafuta ya taa, galani nne kwa debe, yaani lita zipatazo 18. Mafuta yalipokwisha, debe halikutupwa. Likawa chombo cha kuchotea maji, likawa kipimo cha mahindi, na lilipochakaa lilikatwa na kunyooshwa likaezekea banda. Katika masoko ya Kivu, mashariki ya Kongo, watu wamefanya vivyo hivyo kwa kopo la maziwa ya unga ya Guigoz. Maziwa yalikwisha siku nyingi, lakini kopo limebaki kuwa kipimo cha maharage na unga, na jina la maziwa limekuwa jina la kipimo. Tofauti ya debe na kifuko cha plastiki ni kwamba debe lilipata kazi nyingine baada ya kazi ya kwanza, lakini kifuko chembamba hupasuka siku ile ile kinapofunguliwa.

Desturi hii ya kupima haijafa Kawale. Mahindi huuzwa kwa ndoo. Maharage, karanga na mchele huuzwa kwa sahani au kikombe. Dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, ambao Wamalawi huwaita usipa, hutandazwa juu ya meza na kuuzwa kwa mafungu. Shirika la serikali la mazao, ADMARC, lililoundwa mwaka 1971, huuza mahindi kwa kilo, na wananchi huenda na magunia yao wenyewe. Penye mashine ya kusaga jambo hili huonekana wazi zaidi. Mama hufika na ndoo ya mahindi kichwani, hulipa, husaga, na hurudi na ndoo ile ile ikiwa na unga. Safari yote ya ugali, au nsima kama waitavyo wenyewe, kutoka punje hadi chungu, haiachi nyuma ila pumba. Na pumba nazo huliwa na kuku.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuwafundisha watu wa Kawale kupima, kwani wanajua. Tatizo lipo katika hatua ya mwisho. Muuzaji hupima maharage kwa sahani, kwa haki, kisha huyamimina katika mfuko mwembamba wa plastiki ambao Wamalawi huuita jumbo, naye mnunuzi huondoka nao. Sahani hubaki sokoni na mfuko huenda nyumbani. Laiti mnunuzi angekuja na chombo, biashara ingekuwa ile ile na taka isingekuwapo.

YALIYOGUNDULIWA UPYA NG'AMBO

Inafaa pia tujue kwamba nchi tajiri, ambazo ndizo zilizoutangulia ulimwengu katika kufunga kila kitu ndani ya karatasi na plastiki, sasa zinarudi kwenye desturi tunayoiacha. Mwaka 2006 Catherine Conway alianzisha London duka lililoitwa Unpackaged, ambamo mnunuzi alikwenda na vyombo vyake. Mwaka 2014 duka la namna hiyo lilifunguliwa Berlin, likaitwa Original Unverpackt, na magazeti ya nchi nyingi yakaandika habari zake kana kwamba ni muujiza.

Utaratibu wa maduka hayo ni rahisi. Mteja huja na kopo au chupa tupu. Chombo hupimwa kwanza kikiwa kitupu, na uzito wake huandikwa. Kisha mteja hujaza mchele, dengu, mafuta au sabuni, chombo hupimwa tena, uzito wa chombo hutolewa, na mteja hulipa thamani ya kile kilichomo ndani tu. Mama auzaye maharage Kawale angeuelewa utaratibu huo mara moja, na huenda angeshangaa kwamba umewahi kuandikwa gazetini.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Maduka ya Ulaya yamewavutia zaidi watu wenye nafasi, wanaoweza kununua kilo kadhaa kwa mara moja na kuziweka kabatini. Kawale ni mahali pa watu wanaonunua chakula cha leo kwa fedha ya leo. Tusipoitazama tofauti hiyo kwa makini, tutatoa ushauri mzuri usiofuatwa na mtu.

KWA NINI KIFUKO KIMESHINDA

Kifuko hakikushinda kwa sababu watu hawapendi usafi. Kimeshinda kwa sababu ya kipato cha siku moja. Mtu anayelipwa kibarua jioni hawezi kununua chupa ya lita 2 ya mafuta. Hununua mafuta ya sufuria moja, yaliyotiwa katika kifuko kirefu chembamba cha plastiki, kinene kama kidole, kilichofungwa fundo juu. Vifuko hivyo huning'inia na kupangwa katika vibanda vingi vya Lilongwe. Bei zinapopanda, kifuko hupungua ukubwa na idadi ya vifuko huongezeka. Malawi imepata mitikisiko mikubwa ya bei katika miaka hii. Mwezi Mei 2022 Benki Kuu ya nchi hiyo ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25, na mwezi Novemba 2023 iliishusha tena, dola moja ya Marekani ikapanda kutoka kwacha zipatazo 1,180 hadi 1,700. Mafuta ya kula na sukari ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupanda bei fedha inapoanguka.

Hapo ndipo dhuluma ilipojificha. Anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi. Ukichukua vifuko vya mafuta ukavijaza katika chupa ya lita moja, na ukajumlisha bei zake, aghalabu utakuta umelipa kuliko aliyenunua lita nzima. Katika tofauti hiyo imo faida ya mchuuzi, ambayo ni halali yake kwa kazi anayofanya, na imo pia bei ya plastiki. Maskini ananunua taka kwa fedha ambayo ingemwongezea kijiko kimoja cha mafuta.

Sababu ya pili ni mazoea. Mfuko umekuwa adabu ya biashara. Muuzaji asiyetoa mfuko huonekana bahili, na mnunuzi anayekwenda sokoni na kikapu cha zamani huogopa kuonekana mshamba. Aibu hii haina msingi wowote. Bibi zetu walikuwa wakijulikana kwa uzuri wa vikapu vyao vya ukili, na hakuna aliyewacheka.

Sababu ya tatu ni kwamba vyombo vizuri vinatoweka. Kwa miaka mingi kinywaji kilinunuliwa kwa kubadilishana chupa. Kiwanda cha bia cha Carlsberg kilipofunguliwa Blantyre mwaka 1968, bia iliuzwa kwa chupa ya kioo iliyorudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Na soda vivyo hivyo. Asiyekuwa na chupa tupu aliweka amana. Kwa njia hiyo chupa moja ilinywewa mara nyingi, wala hakuna mtoto aliyeiacha njiani, kwa maana ilikuwa fedha. Siku hizi chupa za plastiki zimejaa madukani, zisizo na amana wala marejeo, nazo huonekana katika kila mtaro.

SHERIA NA MBUZI WALIOKUFA

Serikali ya Malawi ililiona tatizo hili mapema. Mwaka 2015 kanuni zilianza kutumika zilizokataza kutengeneza, kuingiza, kusambaza na kutumia plastiki nyembamba iliyo chini ya maikromita 60, yaani isiyofikia sehemu 60 kati ya 1,000 za milimita moja. Wenye viwanda walikwenda mahakamani na utekelezaji ukasimama. Mwezi Julai 2019 Mahakama ya Juu ya Rufani iliamua kwamba katazo ni halali, ingawa mashauri mengine yalifuata baadaye na vifuko havikutoweka sokoni.

Katika mvutano huo lilijulikana jina la Gloria Majiga-Kamoto, mwanamke wa Malawi aliyefanya kazi na wakulima wadogo. Wakulima hao walipewa mbuzi ili wapate samadi na mapato. Mbuzi walikula plastiki iliyotapakaa mashambani na njiani, wakafa. Mfugaji aliyetegemea mbuzi mmoja alipoteza mtaji wake wote kwa sababu ya kifuko kilichobeba nyanya za mtu mwingine. Gloria Majiga-Kamoto akaendesha kampeni ya kudai sheria itekelezwe, na mwaka 2021 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Nchi za jirani nazo zimechukua hatua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na wageni wanaoingia Kigali huiacha mpakani. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na adhabu kali. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Sote tunakumbuka jinsi mitaro ilivyopata nafuu miezi ile. Lakini tunakumbuka pia kwamba vifungashio vyepesi vilivyoachwa kwa ajili ya bidhaa za viwandani viligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea vitunguu na samaki, hata mwaka 2021 mamlaka zikalazimika kutoa katazo jingine. Fundisho lake ni hili: sheria inaweza kuondoa mfuko, lakini haiwezi kuweka kikapu mkononi mwa mtu. Hiyo ni kazi ya mwananchi mwenyewe.

TAKA HUENDA WAPI

Lilongwe ilifanywa mji mkuu mwaka 1975, badala ya Zomba, na tangu hapo imekua haraka mno. Mji una jalala lake katika Eneo la 38, lakini magari ya kuzoa taka hayawezi kupita katika kila kichochoro cha mitaa iliyosongamana. Kwa hiyo kila nyumba hujitafutia njia. Wenye uwanja huchimba shimo. Wasio na uwanja huchoma, au husubiri usiku.

Sehemu kubwa ya taka za nyumbani katika mji kama huu ni maganda, majani, majivu na mabaki ya chakula. Taka za namna hiyo si adui. Zikifukiwa pamoja huwa mbolea, na katika Malawi, ambako bei ya mbolea ya dukani ni kilio cha kila mkulima, mbolea hiyo ni mali. Lakini ukichanganya maganda na vifuko umeharibu vyote viwili. Bustani itakataa mbolea yenye plastiki, na moto utakaochoma plastiki utatoa moshi unaodhuru kifua. Mbaya zaidi ni ile tabia, ambayo tumeiona katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ya kuwashia jiko la mkaa kwa vipande vya mifuko. Moshi ule huanza kuingia katika kifua cha mama na mtoto aliye mgongoni mwake kabla chakula hakijaanza kuchemka.

Mvua zinaponyesha, kilichotupwa usiku hukutana mtaroni. Maji yakikosa njia hupanda barabarani, huingia vyooni, hutoka na uchafu wake, na hufika visimani. Malawi ilipatwa na kipindupindu kilichoanza mwezi Machi 2022, na kabla hakijadhibitiwa kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700. Lilongwe ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Hatusemi kwamba kifuko huleta kipindupindu. Ugonjwa huo huletwa na maji na chakula vyenye uchafu wa kinyesi. Tunachosema ni kwamba mtaro ulioziba huupa uchafu huo usafiri, na katika mitaro mingi kilichoziba ni plastiki.

KAWALE YA KAMBINI

Sasa na tuitazame Kawale ya pili. Dzaleka ilikuwa gereza lenye sifa mbaya katika enzi ya Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ilifanywa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliagiza kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi kambini, na kuanzia mwezi Mei agizo hilo lilitekelezwa. Wengi wao walikuwa wenye maduka ya vyakula. Hatukusudii kuingia katika shauri la agizo hilo. Tunataja tu kwamba watu waliongezeka, soko likaongezeka, bali ardhi ya kutupia taka haikuongezeka.

Katika ardhi finyu namna hiyo, hakuna mahali paitwapo mbali. Mtu akitupa kifuko nyuma ya nyumba yake, ametupa mbele ya nyumba ya jirani yake. Kwa sababu hiyo kambi ni mahali panapoonyesha upesi kuliko mji mkubwa kama utaratibu fulani unafaa au haufai.

Watu wa Dzaleka wana mazoea mawili yanayoweza kuwasaidia. La kwanza ni mazoea ya mgao. Chakula cha msaada kilipogawiwa kwa magunia na madumu, familia zilijipanga na vyombo vyao, na kila mtu alipimiwa haki yake. Mgao ulipogeuzwa kuwa fedha, watu walihamia kwenye vibanda, na pamoja na vibanda vikaja vifuko. Mazoea ya kubeba chombo hayajasahaulika; yanahitaji kuamshwa. La pili ni ushonaji. Kambini wamo mafundi cherehani wengi, na kila fundi ana vipande vya kitenge vinavyobaki. Kipande cha kitenge kilichoshonwa pande tatu na kutiwa kamba ni mfuko wa maharage utakaodumu miaka. Kikichafuka hufuliwa, kikitoboka huwekwa kiraka.

YA KUANGALIWA

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba kila kifungashio ni kibaya. Yako mambo matatu ya kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni usafi. Chombo kisichooshwa ni hatari kuliko kifuko kipya. Chupa ya mafuta ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe kabisa kabla ya kujazwa, kwa sababu maji yakibaki ndani mafuta huharibika. Karanga na unga visitiwe katika chombo chenye unyevu, maana ukungu wa karanga una sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Muuzaji naye awe na kifuniko juu ya pipa lake na upawa wenye mpini mrefu, ili mkono wake usiguse chakula.

La pili ni ubora wa chakula chenyewe. Katika Malawi sukari na mafuta ya kula huongezwa vitamini A kiwandani, na chumvi hutiwa madini joto, kwa ajili ya afya ya watoto na akina mama wajawazito. Vitamini A huharibiwa na mwanga wa jua, na chumvi iliyoachwa wazi penye unyevu hupungukiwa na madini yake. Mafuta yaliyokaa juani ndani ya kifuko cheupe siku nzima yamepoteza faida hiyo, nayo yanapimwa na kuuzwa kwa bei ile ile. Heri muuzaji ayaweke mafuta kivulini katika dumu lisilopitisha mwanga, na kuyapima mteja anapofika. Chumvi, maziwa na dawa ni bora vibaki katika vifungashio vyake vya kiwandani, vyenye jina na tarehe.

La tatu ni haki ya kipimo. Hapana jambo linalowafukuza watu kwenye biashara ya kupima kama udanganyifu. Wako wauzaji wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani, na wako wanaofungua mahindi kwa kutikisa wanaponunua kwa mkulima lakini hawatikisi wanapomuuzia mama. Mnunuzi aliyedanganywa mara mbili hukimbilia pakiti, kwa sababu pakiti imeandikwa uzito. Kwa hiyo mwenye kipimo cha haki ndiye mlinzi wa kweli wa desturi hii. Malawi inalo shirika la viwango, Malawi Bureau of Standards, na sisi tunayo mamlaka yetu ya vipimo. Wakaguzi wafike katika masoko ya mitaa, si katika maduka makubwa peke yake. Na kila soko liwe na mizani moja ya umma ambapo mnunuzi anaweza kupima upya alichouziwa, bila malipo na bila ugomvi.

TUFANYE NINI

Jeshini jambo hili lilipata ufumbuzi zamani. Askari huenda penye jiko la kikosi na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Bohari hutoa mchele kwa gunia, hupima kwa idadi ya watu, na gunia tupu hurudishwa na kuandikwa katika daftari. Kikosi kinachohama porini hakiachi nyuma taka, kwa sababu taka humwonyesha adui mahali ulipolala. Raia hana adui wa namna hiyo, lakini watoto wake watalala mahali pale pale alipotupa taka.

Mwenye nyumba aanze na vitu vinne tu: kikapu, mifuko miwili ya kitambaa kwa nafaka, kopo lenye kifuniko kwa dagaa, na chupa moja ya mafuta. Asingojee awe na fedha ya lita nzima. Aende na chupa yake, apimiwe robo ya lita au hata kikombe kidogo cha mafuta, kwa fedha ile ile ya kifuko. Majirani watano wanaoweza kuaminiana wakichangishana kwa juma moja, wanaweza kununua dumu na kugawana kwa kikombe; hapo watapata bei ya jumla, na vifuko havitakuwapo.

Mwenye duka naye ana faida yake. Muda anaotumia usiku kujaza na kufunga vifuko vya mafuta ni kazi isiyolipwa, na vifuko anavinunua. Akiweka dumu, faneli na vikombe vitatu vya ukubwa mbalimbali vyenye alama ya haki, ameondoa gharama hiyo. Ampunguzie kidogo mteja anayekuja na chombo chake, hata kama ni kwa kumwongezea tone la nyongeza. Mteja wa namna hiyo hurudi.

Halmashauri za miji na viongozi wa kambi nao wanalo la kufanya. Masoko yapewe maji ya kuoshea vyombo, maana bila maji ushauri wote huu ni maneno matupu. Vipimo vikaguliwe hadharani. Maganda yatengwe na plastiki sokoni, ili mbolea ipatikane. Na viwanda vya vinywaji vishawishiwe virudishe chupa yenye amana, ambayo ilifanya kazi yake kwa uaminifu katika miaka ambayo hakuna aliyefikiria habari za mazingira.

Wakazi wa Kawale zote mbili hawahitaji duka jipya la kigeni ili wayatende haya. Soko wanalo, kipimo wanacho, na ujuzi wanao; kilichobaki ni chombo mkononi. Nasi huku kwetu tuko katika hali hiyo hiyo. Kesho asubuhi, ndugu msomaji, kabla hujatoka kwenda dukani, tazama nyuma ya mlango wa jiko lako. Kama kikapu kipo, kichukue. Kama hakipo, nunua kimoja kwa msusi wa mtaani kwako, naye apate riziki. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hujaza mtaro pia, na ni sisi tunaochagua tujaze kipi.